Eli Whitney: Aliyevumbua kinu cha pamba, wengine wakala faida

MKULIMA wa pamba wa Mkula, mkoani Simiyu, hupanda kuanzia Novemba, hupalilia, hupulizia dawa, huvuna, kisha husubiri mizani ifunguliwe. Akishauza pamba yake kwenye chama cha msingi, mzigo hupakiwa kwenye lori na kupelekwa kwenye kiwanda ambacho kwa Kiswahili huitwa kinu cha kuchambua pamba na kwa Kiingereza "ginnery". Kazi ya kiwanda hicho ni moja tu: kutenganisha nyuzi na mbegu. Hata hivyo, ni hapo ndipo pamba hupata bei ya soko la dunia.

Katika neno hilo la Kiingereza kuna herufi tatu, g-i-n, zenye historia ndefu. Ndani yake umo wasifu wa Mmarekani mmoja aliyefariki dunia mwaka 1825, ambaye mashine yake iligeuza pamba kuwa zao la biashara kubwa duniani, lakini yeye mwenyewe akaambulia kesi na madeni. Jina lake ni Eli Whitney.

Mwanafunzi anayejifunza Kiingereza atazikuta herufi hizo tatu katika maneno mengi: "engine", "engineer", "begin", "imagine", "origin", "margin" na hata "ginger", yaani tangawizi. Si yote ni ya ukoo mmoja. "Gin" ya pamba ni kifupi cha "engine", neno lililotoka Kilatini kupitia Kifaransa cha zamani, na ambalo mwanzoni lilimaanisha akili au ujanja wa mtu kabla ya kumaanisha chombo. Watu walikata silabi ya kwanza, ikabaki "gin", yaani mtambo. "Gin" ya kwenye chupa ya pombe haina undugu na hiyo, kwani asili yake ni jina la tunda linalotia pombe hiyo harufu. Kiswahili nacho kilichukua neno la ukoo huo huo kwa njia nyingine, na leo tunasema injini na injinia.

Kwa hiyo Wamarekani waliposema "cotton gin", walikuwa wakisema injini ya pamba.

Kijana wa misumari

Whitney alizaliwa Desemba 8, 1765 katika mji mdogo wa Westborough, jimbo la Massachusetts. Baba yake alikuwa mkulima mwenye karakana ya useremala nyumbani. Mama yake alifariki mtoto akiwa bado mdogo, na kijana akakulia zaidi karakanani kuliko shambani.

Wakati wa vita vya Wamarekani kudai uhuru kutoka kwa Uingereza, misumari iliadimika kwa kuwa mingi ilikuwa ikitoka ng'ambo. Kijana huyo, akiwa bado hajafikisha miaka ishirini, alimshawishi baba yake aweke vifaa vya kufulia misumari, akaanza kuuza. Vita vilipokwisha na misumari ya Uingereza kurudi sokoni kwa bei ya chini, hakung'ang'ania. Akahamia kwenye pini za kofia za wanawake na fimbo za kutembelea. Huo ulikuwa mwanzo wake katika biashara: kutazama kinachokosekana, kukitengeneza, na kuacha mapema bei ikianguka.

Alitaka kusoma chuo kikuu lakini nyumbani fedha zilikuwa ngumu. Alifundisha shule ili apate ada, na mwaka 1789 akaingia Chuo cha Yale akiwa na miaka 23, umri ambao wenzake wengi walikuwa wameshahitimu. Alimaliza mwaka 1792 akiwa na deni na bila kazi.

Safari ya kusini

Mwaka huo huo alikubali kazi ya kufundisha watoto wa tajiri mmoja wa jimbo la kusini. Alipofika aliambiwa mshahara ungekuwa nusu ya ule alioahidiwa, akaikataa. Akabaki katika shamba la Mulberry Grove, karibu na Savannah, Georgia, akiwa mgeni wa Catharine Greene, mjane wa Jenerali Nathanael Greene. Msimamizi wa shamba hilo alikuwa Phineas Miller, naye pia msomi wa Yale.

Katika mazungumzo ya wakulima waliofika hapo, Whitney alisikia kilio kimoja. Pamba ya nyuzi ndefu ilichambuka kwa urahisi, lakini ilistawi pwani tu. Pamba ya nyuzi fupi iliota popote barani, lakini mbegu zake za kijani ziling'ang'ania nyuzi kiasi kwamba mtu mmoja alishinda kutwa nzima kupata ratli moja tu ya pamba safi, yaani chini ya nusu kilo. Wakati huo viwanda vya nguo vya Uingereza vilikuwa na mashine za kusokota zenye njaa ya pamba. Soko lilikuwepo na ardhi ilikuwepo. Kilichokosekana ni njia ya kuitoa mbegu.

Kwa siku chache Whitney alitengeneza mfano wa kwanza, na kufikia Aprili 1793 alikuwa na mashine inayofanya kazi. Ilikuwa rahisi kuielewa. Gogo la mviringo lilipigiliwa waya zenye ncha. Gogo lilipozungushwa kwa mpini, ncha hizo zilikamata nyuzi na kuzipitisha katika nafasi finyu za chuma ambazo mbegu hazikuweza kupenya. Mbegu zikaanguka upande mmoja, na nyuzi zikavutwa upande wa pili, ambako brashi iliyozunguka kinyume ilizifagia ili zisizibe mtambo. Mtu mmoja aliyezungusha kwa mkono aliweza kupata takriban ratli 50 kwa siku, sawa na kilo 23.

Nani hasa mwenye asili?

Hapa lazima pawe na haki. Whitney hakuwa mtu wa kwanza duniani kubuni kinu cha pamba. Wahindi walikuwa na kinu cha magogo mawili yanayobana nyuzi, kilichotumika karne nyingi kabla yake. Kilifaa pamba yenye mbegu laini, si ile ya mbegu za kijani. Wapo pia wanaosema Bi Greene alitoa wazo la brashi, jambo ambalo wanahistoria bado wanabishana juu yake. Kisichobishaniwa ni kwamba alimpa mvumbuzi nyumba, nafasi ya kazi na baadaye mtaji.

Watumwa waliochambua pamba hiyo kwa vidole kila jioni hawakuandikwa popote. Sheria za wakati huo hazikumruhusu mtumwa kumiliki hataza, yaani haki anayopewa mvumbuzi ya kuzuia wengine wasiige kazi yake kwa muda maalumu.

Hesabu iliyoharibu biashara

Whitney alipata hataza Machi 14, 1794 kwa muda wa miaka 14. Yeye na Miller walikuwa wameshaunda kampuni. Hapo ndipo walipofanya uamuzi uliowagharimu.

Wangeweza kuuza mashine. Wangeweza kuuza vibali vya kuitengeneza. Hawakufanya hivyo. Waliamua kwamba vinu vyote viwe mali yao, wakulima walete pamba, nao wachukue malipo kwa njia ya pamba yenyewe: sehemu mbili kati ya tano za nyuzi safi.

Tuliweke katika hesabu ya mkulima. Kilo 100 za pamba mbegu hutoa takriban kilo 33 za nyuzi. Kwa mpango huo mkulima angeondoka na kilo 20, kampuni ikabaki na kilo 13. Mkulima ndiye aliyelima, akapalilia na kuvuna.

Wakulima wa Georgia waliona ni unyonyaji. Aidha, mashine yenyewe haikuwa na siri. Fundi yeyote wa kijiji aliyeitazama mara moja aliweza kwenda kutengeneza ya kwake. Vinu vya kuiga vikaota kila mahali. Mwaka 1796 Hodgen Holmes alipata hataza ya kinu chenye meno ya msumeno badala ya waya, na wengi wakakipenda zaidi.

Kampuni nayo ilikuwa haina vinu vya kutosha. Machi 1795 karakana ya Whitney mjini New Haven iliungua moto pamoja na vinu takriban 20 vilivyokuwamo. Pia uvumi ulienea Uingereza kwamba pamba iliyopita katika kinu chake ilikuwa imekatika nyuzi, na kwa muda wanunuzi wakaikwepa.

Neno moja mahakamani

Whitney na Miller walikwenda mahakamani. Kesi yao ya kwanza Georgia walishindwa mwaka 1797. Tatizo halikuwa ushahidi tu, bali maneno ya sheria. Sheria ya hataza ya mwaka 1793 iliandikwa kwa namna ambayo mtu alihesabiwa mkosaji akiwa ametengeneza "na" kutumia mashine ya mwenzake. Aliyetumia kinu kilichotengenezwa na mwingine alipata upenyo wa kutokea. Bunge la Marekani lilirekebisha kifungu hicho mwaka 1800, lakini kufikia hapo wezi wa uvumbuzi walikuwa wameshavuna misimu kadhaa.

Baadaye majimbo yalianza kuona aibu. South Carolina ilikubali mwishoni mwa mwaka 1801 kununua haki hiyo kwa dola 50,000, ikalipa sehemu, ikasitisha, kisha ikamaliza baada ya mvutano. North Carolina na Tennessee ziliweka kodi kwa kila kinu ili alipwe. Miller alifariki mwaka 1803 kabla ya mambo kutengemaa. Ushindi mkubwa wa mahakama ya Georgia ulikuja wakati muda wa hataza ukikaribia kwisha. Mwaka 1812 Whitney aliomba aongezewe muda, Bunge likakataa.

Inakadiriwa kuwa kinu kilimwingizia jumla ya dola 90,000 hivi. Karibu zote ziliishia kwa mawakili, safari na madeni. Neno la Kiingereza la kile kinachobaki baada ya gharama ni "margin". Nalo limebeba herufi g-i-n, lakini kwa Whitney maneno hayo mawili hayakukutana.

Kutoka pamba hadi bunduki

Akiwa anakaribia kufilisika, Whitney aligeukia mteja mmoja asiyeshindwa kulipa: serikali. Mwaka 1798 Marekani ilihofia vita na Ufaransa, naye akapata zabuni ya kutengeneza magobore 10,000 ndani ya miaka miwili kwa dola 134,000. Wakati huo hakuwa na kiwanda, hakuwa na mafundi wa bunduki, na hakuwa amewahi kutengeneza hata moja.

Alichouza ni wazo. Alisema kila kipande kitatengenezwa kwa mashine na vipimo vile vile, ili kikiharibika kiwekwe kingine bila kuhitaji fundi bingwa. Mwaka 1801 alikwenda Washington na kuwaonyesha viongozi, akiwamo Thomas Jefferson, jinsi vipande vilivyoweza kubadilishana. Walivutiwa, akaongezewa muda na malipo ya awali.

Uchunguzi wa baadaye wa bunduki zake ulionyesha kuwa vipande vyake havikubadilishana kikamilifu kama alivyodai, na Mfaransa Honoré Blanc alikuwa amemtangulia katika wazo hilo. Magobore yote 10,000 yalikamilika mwaka 1809, badala ya 1800. Hata hivyo kiwanda chake karibu na New Haven kilisimama, kilipata zabuni nyingine mwaka 1812, na ndicho kilichomtoa katika umaskini. Alioa mwaka 1817 akiwa na miaka 51, akapata watoto, na akafariki Januari 8, 1825 akiwa na miaka 59.

Gharama ambayo haikuandikwa kwenye vitabu

Wakati mvumbuzi akihangaika na mawakili, pamba ilikuwa ikienea. Marekani ilivuna takriban marobota 3,000 mwaka 1790. Mwaka 1860 ilivuna karibu milioni nne. Wenye mashamba, mabenki ya New York, wenye meli na viwanda vya Manchester walitajirika.

Waliolipa ni wengine. Mashine ilipunguza kazi ya kuchambua, lakini haikupanda, haikupalilia wala haikuvuna. Kila ekari mpya ilihitaji mikono, na mikono hiyo ilinunuliwa. Sensa ya mwaka 1790 ilihesabu watumwa wapatao 698,000 nchini Marekani. Ile ya mwaka 1860 ilihesabu zaidi ya 3,950,000. Watu wa asili ya Afrika wapatao milioni moja walihamishwa kwa nguvu kutoka majimbo ya zamani kwenda mashamba mapya ya pamba, wengi wakitenganishwa na waume, wake na watoto wao. Utumwa ulioanza kuonekana kama biashara isiyolipa ukapata uhai mpya.

Mwisho wake ulikuwa vita ya wenyewe kwa wenyewe ya mwaka 1861 hadi 1865. Bandari za kusini zilifungwa, na viwanda vya Uingereza vikakosa pamba. Wazungu walijifunza kwamba ni hatari kutegemea shamba moja.

Pamba yafika Afrika Mashariki

Fundisho hilo ndilo lililoileta pamba ya biashara huku kwetu. Wenye viwanda wa Uingereza waliunda chama chao cha kuendeleza kilimo cha pamba katika makoloni mwaka 1902, na muda mfupi baadaye Uganda ikaanza kuilima kwa soko la nje. Wajerumani nao walitaka pamba yao kutoka Afrika Mashariki. Kusini mwa Tanganyika waliwalazimisha watu kulima mashamba ya pamba kwa ujira usiofaa kitu, na mwaka 1905 Wamatumbi walianza kwa kung'oa miche ya pamba. Ndiyo ikawa Vita ya Maji Maji.

Usukumani pamba ilichukua sura nyingine kwa kuwa ililimwa na wakulima wadogo kwenye mashamba yao wenyewe. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru karibu na Mwanza kilitoa mbegu zinazofaa eneo hilo, ambazo majina yake huanza na herufi mbili za kwanza za kituo, kama vile UK77 na UK91. Lakini kinu kilibaki mikononi mwa wafanyabiashara wachache, nao ndio waliopanga bei na kushika mizani.

Wakulima walilitambua jambo ambalo wale wa Georgia walilitambua miaka 150 kabla yao. Katika miaka ya 1950, chini ya uongozi wa Paul Bomani, waliungana katika vyama vya ushirika, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria. Kwanza walidai kupima pamba yao wenyewe. Kisha wakanunua vinu. Shirikisho hilo likawa moja ya vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa miaka ya 1980, na mwaka 1994 soko la pamba likafunguliwa kwa makampuni binafsi, ambayo mengi yalijenga vinu vyao.

Somo kwa mfanyabiashara na mkulima

Jambo la kuzingatia ni kwamba vinu vingi vilivyotumika Kanda ya Ziwa ni vya magogo yanayobana, jamaa wa kile cha Wahindi, na si vya msumeno. Jina la mtambo limetoka Marekani, lakini asili ya mtambo wenyewe ni ya zamani zaidi.

Maisha ya Whitney yanamwachia mjasiriamali mambo matatu. La kwanza, uvumbuzi mzuri hauna thamani sokoni kama bei yake inamfanya mteja atafute njia ya kuukwepa. Kama angetoza kidogo kwa wengi, huenda asingehitaji mawakili. La pili, hataza, mkataba au kibali ni maneno, na neno moja dogo linaweza kumaliza miaka kumi ya jasho. Asomaye mkataba wa lugha ya kigeni bila kuuelewa vizuri atafute wa kumsomea kabla ya kutia sahihi.

La tatu linamhusu mkulima wa Simiyu moja kwa moja. Shambani hutoka pamba mbegu. Kinuni hutoka vitu viwili: nyuzi zinazouzwa kwa marobota, na mbegu zinazokamuliwa mafuta na kubaki mashudu ya mifugo. Anayeuza kwa mizani ya kijijini huuza vyote kwa bei moja. Kwa hiyo chama cha msingi kinapokaa mezani na mwenye kinu kabla ya msimu, swali la kwanza lisiwe bei ya kilo pekee. Liwe pia ni kilo ngapi za nyuzi zinatoka katika kila kilo 100, mbegu zinakwenda wapi, na thamani yake imo au haimo katika bei hiyo.